Koo linaniuma nikiimba juu, je niende kwa mwalimu wa sauti?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi naimba sauti ya pili (alto) kwaya ya kanisani huku Mbagala, wimbo ukipanda juu sauti inakatika na koo linauma mpaka kesho yake, mwalimu wa kwaya ananiambia nikaze tu. Kuna mwalimu nimempata anafundisha mtu mmoja mmoja ila naona aibu kuimba peke yangu mbele ya mtu, halafu nina miaka 34. Nifanyeje?
Mama wa Alto, Dar

JIBU: Nenda dada yangu, tena usichelewe. Umri usikutishe, Bi Kidude wa Zanzibar alikuwa anapanda jukwaani akiwa bibi kizee kabisa.

Hilo la kukaza ndo linaniuma mimi. Nyuzi za sauti za mwanamke ni vinyama vidogo havifiki hata sentimita 2, na ukiimba ile noti ya A wanayotumia kutyunia vyombo zinagongana mara 440 kila sekunde, sasa juu ya hapo na wewe unazibana, lazima koo liume! Kuimba hakutakiwi kuuma, basi. Hapo sauti inapokatika ni pale unapotoka sauti ya kifua, ile nzito ya chini, kwenda ya kichwa, ile nyepesi ya juu, na mwalimu anayejua kazi atakuvusha polepole kwa sauti ndogo, atakutetemeshea midomo brrr kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea, au atakupa mrija uimbie humo do re mi fa so huku anapandisha kinanda kidogo kidogo, maana hewa inayorudi kwenye mrija inazipunguzia zile nyuzi kugongana kwa nguvu.

Aibu mwambie siku ya kwanza kabisa, wengi wanakuja nayo. Atakuruhusu uangalie dirishani, au mtaimba wote mpaka uzoee. Ila mwalimu anayekujali sio yule wa kukusifia kila noti, ni yule anayekwambia "hapo umepandisha mabega, shusha pumzi tumboni, rudia" na ukirudia vibaya haguni. Akikucheka, akikulinganisha na wanafunzi wengine au ukimwambia panauma akakwambia endelea, beba pochi yako uondoke. Kwa hiyo mwanzoni lipia somo mojamoja, usitoe hela ya miezi mitatu kwa mtu hujamjua. Omba urekodi kwenye simu ufanyie mazoezi nyumbani, dakika 15 kila siku zinasaidia kuliko masaa mawili ya Jumamosi.

Sauti ikikwama zaidi ya wiki tatu hata siku ambazo hujaimba, hapo muone kwanza daktari wa masikio, pua na koo.

Na mwalimu wa kwaya usigombane nae, muombe tu ule wimbo unaokuumiza mshushe ufunguo kidogo, yaani muuanzie chini, na wenzio wa alto nadhani watafurahi pia.