Re: Mti wa ukoo wa lugha za Dodoma, nianzie wapi?

Mleta uzi, simama hapo hapo. Unasema una orodha ya maneno 100 ya Kigogo, Kirangi, Kiburunge na Kisandawe, unataka kuiingiza kwenye programu wanayochorea wanabiolojia ukoo wa viumbe, ikupe na lini lugha hizo zilitengana. Usiingize kitu! Toa maneno ya kuazima kwanza.

Mimi aliyeniponza ni bwana mmoja wa semina, suti kali, projekta juu, eti maneno ya msingi hayaazimwi, ndiyo maana Swadesh, yule mwanaisimu Mmarekani aliyetunga orodha ya maneno ya kulinganishia lugha, akayachagua. Hayaazimwi? Damu na samaki ni Kiarabu, tena vyote vimo kwenye orodha hiyo hiyo ya Swadesh. Kwa hesabu zake Waswahili tungedai urithi Muscat.

Basi nikaenda Majengo sokoni, nikampata kijana muuza vocha, Mgogo kwa baba na mama. Kajibu orodha nzima bila kukwama, nami nikafurahi kama zuzu. Mti ukatoka: Kigogo na Kiswahili mapacha, Kirangi kinachungulia kwa mbali. Nikauchapa kwa rangi kabisa (chekeni tu, wino nililipa mwenyewe). Kuja kumsomea bibi mmoja wa Mvumi, kule vijijini Ugogo, akaangua kicheko: "Mjukuu wangu, hiki Kigogo cha dukani!" Karibu nusu ya orodha ilikuwa Kiswahili kilichopachikwa viambishi vya Kigogo. Rasimu yote ikaenda na maji, na yule bwana wa semina simu hapokei.

Shida ni kwamba programu haijui kukataa. Wewe hapo una lugha mbili za Kibantu (Kigogo na Kirangi), moja ya Kikushi, ukoo mwingine kabisa (Kiburunge), na Kisandawe ambacho ndugu zake bado wanabishaniwa. Itakuchorea mti tu, tena mzuri. Darwin mwaka 1871 alifananisha lugha na viumbe, sawa, lakini mwaka uliofuata mwanaisimu Mjerumani Johannes Schmidt akaonyesha kuwa mabadiliko ya lugha husambaa kama mawimbi, yakivuka kutoka lugha hadi jirani yake. Kondoa ndiko kwenyewe: Waalagwa ni Wakushi, na wengi wao wanaongea Kirangi. Hata sauti huazimwa. Kizulu ni Kibantu, vidoko vyake (zile sauti za kualisha ulimi) kilivitoa kwa majirani Wakhoisan.

Kufanana kusikudanganye. Neno la kurithi hufuata mabadiliko ya sauti yale yale yaliyoyapata maneno mengine ya lugha hiyo. La kuazima mara nyingi huyaruka.

Uliuliza na programu ipi, sijui na kompyuta ya RAM ngapi. Hayo baadaye. Orodha ya Kigogo ipeleke Mvumi, ya Kisandawe ipeleke kijiji kiitwacho Kwa Mtoro, Usandaweni, kaa na wazee, soma neno moja moja, na kila watakalolicheka ulipige kalamu nyekundu.