Kikohozi kikavu baada ya kuanza vidonge vya presha

SWALI: Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 58, nasi tunaishi Bombo. Tangu aanzishiwe enalapril, miezi miwili iliyopita, anasumbuliwa na kikohozi kikavu, hasa usiku. Dawa za maji hazikumsaidia, majirani wanasema ni kifua kikuu, naye sasa huruka vidonge siku mbilitatu ili apate usingizi. Je, tatizo ni dawa?

JIBU: Ndugu msomaji, yamkini ni dawa. Enalapril, kama captopril na lisinopril, huzuia kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini, kinachosababisha mishipa ya damu kubana. Lakini kimeng'enya hichohicho ndicho huvunja bradikinini, kemikali ambayo ikizidi huwasha njia za hewa. Mgonjwa hutekenywa kooni, akakohoa bila kutoa makohozi, na hali hiyo yaweza kuanza saa chache baada ya kidonge cha kwanza au hata miezi kadhaa baadaye.

Hata hivyo, majirani wasipuuzwe. Kikohozi kilichopita wiki mbili hupaswa kupimwa kifua kikuu, hasa kikiambatana na homa, jasho la usiku au kukonda.

Kuruka vidonge ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Kikohozi hiki kwa kawaida huisha wiki moja hadi nne baada ya dawa kuachwa kabisa, na pengine huchukua miezi mitatu, kwa hiyo mama anaendelea kukohoa huku presha ikipanda kimyakimya na kumkaribisha kiharusi. Arudi kwa aliyemwandikia dawa, aombe kubadilishiwa. Losartan husababisha kikohozi mara chache sana, na amlodipine nayo inafaa, ingawa huweza kuvimbisha vifundo vya miguu.

Iko hali moja ambayo haingoji miadi. Midomo, ulimi au uso ukivimba, aache kidonge papo hapo na akimbizwe hospitali hata kama ni usiku wa manane, kwa kuwa koo laweza kuziba. Madhara haya ni nadra, lakini huwapata watu weusi zaidi kuliko wengine, na yanaweza kumtokea hata aliyetumia dawa kwa miaka mingi. Aliyepatwa nayo hapaswi kupewa tena dawa yoyote ya kundi hili la enalapril, captopril na lisinopril.

Kama mama ana maumivu ya magoti, asijinunulie diclofenac wala ibuprofen katika duka la dawa, kwani hupunguza nguvu ya dawa ya presha na kuzielemea figo. Parasetamoli ni afadhali. Akiharisha au kutapika sana, awahi kituo cha afya aulize kama asimamishe kidonge kwa muda. Wala asimwazime binti au jirani vidonge vyake, maana dawa hizi humdhuru mtoto aliye tumboni.

Siku ya kurudi kliniki, abebe pakiti za dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwamo, na aulizie kipimo cha damu cha figo na cha madini ya potasiamu.