Kwenye mahojiano ya kazi ya Berlin, sema "mimi"

Wadogo zangu mnaoandika programu hapa Lamu na mnaomba kazi Ujerumani, nawaandikia jambo lililoninyima kazi mara ya kwanza.

Tumelelewa kwamba kujitajataja ni kujikweza. Basi nilipotakiwa kueleza tatizo gumu nililowahi kulitatua, nikasimulia mfumo wa kuwekea nafasi vyumba vya hoteli tuliouunda Malindi, uliokuwa ukiwapa wageni wawili chumba kimoja usiku mmoja. Sisi tuliona, sisi tukachunguza, sisi tukarekebisha. Yule bibi aliyekuwa akinihoji kwa video kutoka Berlin akaniuliza, "Wewe hasa ulifanya nini?" Nikarudia "sisi". Akauliza mara ya tatu. Na kazi ile niliifanya mwenyewe, nikakesha siku mbili! Lakini yeye angejuaje? Anayemtoa mtu ng'ambo anabeba gharama na makaratasi mengi, lazima ajue anamwita nani.

Kwa kampuni ya pili nilisema hivi: maombi mawili yalifika pamoja, kila moja likakuta chumba hakijachukuliwa. Mimi ndiye niliyeligundua hilo kwenye kumbukumbu za seva, nikaiwekea hifadhidata sharti kwamba chumba kimoja kisiandikwe mara mbili kwa usiku mmoja. Ukurasa wa malipo aliutengeneza mwenzangu. Ukimpa mwenzako haki yake namna hiyo, hujajisifu, umesema kweli.

Wakikupa swali la kuandika programu mbele yao, usiinamie kibodi kimya. Taja unachojaribu, hata ukikiacha baadaye.

Kuhusu saa, wakiandika 10:00 ni saa nne asubuhi ya Berlin. Kwetu itakuwa saa sita mchana wakati wa baridi yao, na saa tano wakati wa kiangazi, maana hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Ikigongana na sala ya Ijumaa, omba wasogeze. Mimi niliomba, wakakubali mara moja.

Nyumba zetu za mawe zina kuta nene, mtandao hupotea ndani. Juu kwenye makuti nako upepo wa kusi huingia kwenye maikrofoni. Kaa chumba cha ghorofani karibu na dirisha, na simu yenye chaji na bando, stima isije ikakuangusha.

Wakikukubali, uliza nani analipia viza na tiketi, mshahara uliotajwa ni kabla ya makato au baada, na muda wa majaribio, ambao huko unaweza kufika miezi 6.

Wasio na shahada msijiondoe. Tangu Novemba 2023 mtaalamu wa kompyuta anaweza kupata Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi, huko Ujerumani kwa uzoefu wa miaka 3 ndani ya 7 iliyopita, mradi mshahara ufikie kiwango kilichowekwa. Uzoefu huo huthibitishwa kwa karatasi. Kwa hiyo yule mwenye hoteli aliyekulipa taslimu, mwendee wiki hii akuandikie barua yenye tarehe ulizoanza na kumaliza, na kazi uliyoifanya wewe.