Mlango ulifunguka, ndiyo. Niwaambie kilichomo ndani

Wapendwa wa kwaya yetu hapo Tukuyu, ndaga fijo kwa ujumbe. Mmeuliza kama kweli Mungu alinifungulia mlango wa Ujerumani, na kama nanyi mfunge na kuomba mpaka wenu ufunguke. Dada yenu nawajibu bila kuremba.

Kuomba ombeni, ila mbegu ya viza, ile sadaka ya kutolea muujiza, msimpandie mtu yeyote. Ubalozini hakuna anayeuliza umefunga siku ngapi. Anayekuja kusomea uuguzi, kama nilivyokuja mimi, hudaiwa mkataba wa mafunzo na cheti cha Kijerumani, kwa kawaida angalau daraja la B1, yaani la kati.

Baridi msiiogope, mmekulia mvua za Rungwe. Kinachochosha ni giza: Desemba jua linazama kama saa kumi jioni. Halafu mshahara. Kodi, bima ya afya, pensheni, vyote vinakatwa kabla hujauona. Na ukijiandikisha manispaa kuwa Mlutheri, unakatwa pia kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya ile kodi ya mapato, kutegemea jimbo. Wapo wanaojiandikisha hawana dini, siwahukumu. Mimi niliandika Mlutheri. Ni bahasha ya ahadi, tofauti yake hii huwezi kuisahau nyumbani.

Kazi yangu ni kwenye nyumba ya wazee. Kuogesha, kubadilisha nepi, kulisha, kumgeuza mtu kitandani asipate vidonda. Mwaka wa kwanza nililia sana, na si kwa sababu ya uchafu. Kwetu kazi hii hufanywa na binti wa mgonjwa. Mimi nilikuwa nawafanyia mama za wengine, wa kwangu nikimwona kwenye simu. Alipofariki mlinipigia video mkiimba makaburini, mtandao ukakatika. Jioni hiyo niliingia zamu.

Ndipo mtu akanitumia Yeremia 29:11, mawazo ya amani na tumaini. Nilikasirika, nikaisoma sura nzima. Mstari wa 10 unasema miaka 70! Ile ni barua kwa watu waliohamishiwa Babeli, na hawaahidiwi kurudi kesho. Wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji ule ule wa waliowateka. Mimi sikutekwa, tiketi nilikata mwenyewe, lakini agizo lile lilinipa cha kufanya. Wazee wengi hapa hufa bila ndugu pembeni. Sisi Wanyakyusa, ambao msiba mmoja husimamisha kijiji, hilo hatuwezi kulizoea. Kwa hiyo zamu yangu ikimkuta mtu anakata roho, nakaa naye, namshika mkono, na kama ni Mkristo nasali Baba Yetu kwa Kijerumani. Kuna waliokwisha kusahau majina ya watoto wao, lakini sala hiyo wanaifuata mpaka amina. Uchungu wa mama haujaisha. Ila siku hizi nikiamka kwenda kazini najua naenda kufanya nini.

Kuhusu sare: nitachangia mwisho wa mwezi, si hizo laki tano mlizoniandikia. Na katibu, acha kunitangaza kanisani kuwa mfadhili wetu wa Ulaya. Jina langu lilikuwa sauti ya pili. Liacheni huko huko.