Laki saba za vifaa: ninunue jina au ninunue kifaa?

SWALI

Shikamoo Injinia. Nimemaliza ufundi umeme VETA na sasa nafanya matengenezo ya mashine hapa Kigoma: mota za kukamulia mawese, pampu za maji, na mara mojamoja kazi za boti pale Kibirizi. Nimejikusanyia shilingi laki saba ninunue vifaa vyangu mwenyewe, nimechoka kuazima. Fundi wangu mkuu anasema bila mita ya umeme ya Fluke na mashine za Makita wewe bado si fundi. Rafiki yangu mwenye duka Mwanga anasema hayo ni majina tu, vyote vinatoka China, nichukue seti nzima ya bei nafuu na chenji ibaki. Jina lina uzito gani hasa?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako yuko sahihi kuhusu spana, ila kuhusu mita anaweza kukuua.

Tuanze na mita. Mota unazozishughulikia nyingi ni za fezi tatu, na kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Sasa fikiria umepima ampia asubuhi, waya mwekundu ukabaki kwenye tundu la 10A. Mchana unataka kujua volti, unagusa fezi mbili. Saa hiyo mita si mita tena, ni kipande cha waya kilichounganisha fezi na fezi, na wewe umekishika. Kinachobaki kukuokoa ni fyuzi iliyomo ndani. Fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga na kuandikwa volti 600 au 1000 itakata na kuzima ule moto. Kile kifyuzi cha kioo cha volti 250 kinaweza kupasuka huku umeme ukiendelea kuruka ndani yake. Na zipo mita za bei ya chini ambazo tundu la 10A halina fyuzi kabisa, tena imeandikwa hivyo pembeni ya tundu.

Halafu kuna maandishi ya CAT III 600V. Kwa kiwango cha IEC 61010, maana yake ni kwamba mita imejengwa kuhimili mshituko wa ghafla wa volti 6,000, mfano radi ikipiga karibu na laini au mota kubwa inapokatwa, bila kukulipukia mkononi. Utalijaribuje hilo dukani? Huwezi. Mita ya elfu kumi na tano na mita ya laki tano ukizipa betri ya volti 1.5 zote zitasoma vizuri, na muuzaji atakuambia umeona mwenyewe. Hapo ndipo jina linapata kazi yake. Unamlipa mtu ambaye amekwishapima kile usichoweza kupima, na ambaye ana kitu kikubwa cha kupoteza ikithibitika amedanganya. Mita isiyo na mwenyewe ikilipuka, mwaka kesho inarudi sokoni ikiwa na jina jingine.

Hata hivyo usiishie kwenye jina. Yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuandika CAT III, na alama ya CE kwa vifaa vya aina hii mtengenezaji hujiwekea mwenyewe. Tafuta alama ya maabara huru: UL, TÜV, CSA. Kampuni kama UNI-T ina modeli zenye alama hizo na modeli zisizo nazo, kwa hiyo unachonunua ni modeli.

Kuhusu Fluke, fundi wako labda ana picha ya modeli ya 87V kichwani. Hiyo peke yake inapita bajeti yako yote. Lakini ipo Fluke 101, ndogo ya kuingia mfukoni, CAT III 600V, na haipimi ampia kabisa. Wengi huiona kasoro. Kwako wewe naiona faida, kwa sababu kosa nililolieleza hapo juu haliwezekani: tundu lenyewe halipo. Ampia za mota utapima kwa klampu mita, ile yenye taya za kuzungushia waya kwa nje, bila kuukata. Na mwambie rafiki yako kwamba hiyo 101 nayo inatengenezwa China. Nchi haijibu swali lako. Cha kuuliza ni nani anakagua mzigo kabla haujatoka kiwandani.

Spana ni habari nyingine, maana kasoro zake nyingi unaweza kuziona. Nenda dukani na shina la biti ya milimita 10 iliyo nzima, lichomeke kwenye mdomo wa spana namba 10. Liingie bila kulazimisha na lisicheze. Rudia kwa 13. Angalia kama midomo ya pande mbili iko sambamba. Maneno "Chrome Vanadium" yasikubabaishe, siku hizi yanapigwa hata kwenye spana zinazofunguka mdomo wiki ya kwanza. Zikifaulu, chukua zilizo nafuu bila aibu. Kitu kimoja tu katika kundi hili ulipie vizuri: plaizi na bisibisi za umeme. Ule mpira mwekundu si kinga mpaka uone imeandikwa 1000V pamoja na IEC 60900, kiwango cha zana za mkono za kazi ya umeme, na hapo tena jina linarudi, kwa sababu ile ngozi huwezi kuipima.

Kama unadhani wenye viwanda hawajui nguvu ya jina, angalia DeWalt. Black & Decker waliinunua mwaka 1960. Baadaye wakagundua mafundi wa kazi nzito Marekani hawataki kuonekana na Black & Decker, wanaiona ni ya matengenezo ya nyumbani. Mwaka 1992 wakatoa mashine za kazi kwa rangi ya njano na jina la DeWalt, na mafundi walewale wakanunua. Kampuni ni ileile. Bosch nao huweka rangi ya buluu kwa mafundi na kijani kwa watu wa nyumbani. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni Bosch" hajamaliza sentensi. Maktec nayo ilikuwa tawi la bei nafuu la Makita wenyewe, ingawa wapo walioapa kwamba ni feki.

Na feki ndiyo shida yetu kubwa huku. Makita ya bei ya kutupa karibu na stendi ni rangi ya Makita tu. Hapo umelipia jina na jina halikuja. Mashine ya jina nafuu kama Ingco au Total, ikiwa ya kweli na yenye risiti ya EFD, naichukua mara zote kabla ya Makita ya mashaka. Lingine ni waranti: wakala akiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma, waranti hiyo ihesabu kama haipo. Badala yake, kabla hujalipia grainda, uliza duka lile lile: kaboni zake mnazo? Beringi? Swichi? Wakikuangalia tu, ondoka, hata kama jina ni kubwa.

Mimi kwenye grainda ninabana kwenye mashine na kulegeza mkono kwenye jiwe. Jiwe la milimita 115 liwe limeandikwa kasi isiyopungua ya mashine yako (mengi ya maana yana mizunguko 13,300 kwa dakika), na kwenye ringi ya chuma katikati kuna tarehe ya kuisha muda. Isome. Gundi inayoshika jiwe huchoka, na unyevu wa kando ya ziwa hausaidii.

Venia na maikromita (vipimo vya unene) za Mitutoyo waachie wenye karakana za kuchonga. Zimeigwa mno, na wewe kwa sasa unaweza kuazima siku ya kupima shafti.

Kwa hiyo laki saba yako ianzie kwenye mita, klampu mita na plaizi za 1000V. Spana na grainda zigawane kinachobaki. Kikipungua, grainda ndiyo isubiri. Na kwenye mita yenye tundu la ampia, muuzaji akikukatalia kufungua mfuniko wa nyuma uone fyuzi, rudisha hela mfukoni.