Mkuu, chomoa hiyo flashi kwanza

Usibonyeze kitu. Umesema una seva ya reki, diski 6 umeziunganisha RAID 5 (zote zinaonekana kama moja, na moja ikifa data inabaki) kwenye kadi yake, na leo usiku unaweka FreeBSD, mfumo endeshi, na ZFS, mfumo wake wa kutunza faili, juu yake. Halafu unauliza mashine iwake kwa UEFI au BIOS ya zamani, konsoli ya mbali, na kelele za feni. Feni! Mkuu, paa linawaka moto wewe unaulizia rangi ya mapazia.

Mimi nilifanya hivyohivyo. Aliyeniuzia seva, fundi wa kujipachika cheo, aliniapia kwamba kadi ya RAID ikiwa chini na ZFS juu ni "ulinzi mara mbili". Nikamwamini, maana alikuwa na bisibisi nyingi. Kisakinishi kikanionyesha diski moja kubwa, FreeBSD imeipa jina mfid0, nikaichagua, robo saa kazi imeisha. Nikajiona injinia.

Hapo kwenye "diski moja" ndipo nilipotakiwa kushtuka. ZFS inahakiki kila bloku (kipande cha data) inayosoma, na ikikuta imeoza inachukua nakala nzima kutoka diski nyingine na kuitibu. Sasa nakala ataitoa wapi, na yeye anaiona diski moja tu? Zile 6 kadi imezifunika shuka.

Miezi ikapita. Diski moja ikafa, nikaweka mpya, kadi ikaanza kuijenga upya. Taa ikarudi kijani, nikaenda kulala. Kumbe wakati wa kujenga, diski ya pili ilikuwa na sekta zisizosomeka, na RAID 5 ikishapoteza diski moja haina akiba tena. Kadi iliruka hizo sehemu, ikajitangazia kuwa mzima. Siku naendesha zpool scrub, ukaguzi wa data yote (ya kwanza tangu niiweke, msinicheke), ndipo zpool status -v ikanimwagia orodha ya faili zilizoharibika, na juu kabisa kuna hifadhidata ya kazini. ZFS ilijua kila jeraha lilipo, ikanisomea kama cheti cha kifo.

Nikakimbilia snapshoti, zile picha za data jinsi ilivyokuwa siku fulani, nilikuwa nazo zaidi ya 40. Snapshoti haina bloku zake, inaazima hizohizo. Nilikuwa na picha 40 za maiti mmoja. Bekapu ya nje? Tuendelee.

Kwa hiyo: ZFS ipewe diski zenyewe, mkononi. Ingia kwenye mipangilio ya kadi, futa hiyo RAID 5, iweke kadi kwenye HBA, yaani ipitishe diski zilivyo bila kuziunganisha. Kama haina, ibadilishie femwea (programu ya ndani ya kadi) au tafuta kadi ya HBA tupu. Fanya sasa wakati diski hazina kitu, maana ukibadili baadaye utafuta kila kilichomo. Na asije mtu kukudanganya utengeneze RAID 0 ya diski mojamoja, kila diski RAID yake. Kadi bado imekaa katikati, na ikifa, kadi ya aina nyingine inaweza isizitambue kabisa.

Kisakinishi kikionyesha diski 6, chagua raidz2, RAID ya ZFS yenyewe. Utabaki na ujazo wa diski 4, na mbili zozote zikifa bado unapumua. Angalia idadi na ukubwa, usiangalie jina, kwa sababu ukitumia draiva ya mrsas hata RAID nzima inaweza kujitokeza kama da0, jina lilelile la diski ya kawaida.

UEFI, ndiyo. Hayo mengine sikumbuki uliuliza nini. Piga picha ya orodha ya diski uiweke hapa kabla hujaendelea.