Kafi la kayaki: yashikeni haya kabla kusi halijaanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupeleka wageni mikokoni, wengi wenu mmekulia mtumbwini, na kafi la bapa moja mnalijua tangu utotoni. La kayaki lina mabapa mawili, na hapo ndipo mazoea yanapowaponza. Msimu wangu wa kwanza niliumaliza nimefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nilidhani kazi ni nzito. Kumbe nilipewa kafi ambalo mabapa yake yamepishana karibu nyuzi 80, yaani moja limegeuzwa pembe hiyo kutoka kwa mwenzake, nami nikalikaba kwa mikono yote miwili.

Shikeni hivi: mkono mmoja, kwa wengi wa kulia, ndio unaoliongoza kafi. Wa pili uwe mlegevu, mpini uzunguke ndani ya kiganja. Kadiri mabapa yanavyopishana zaidi, ndivyo kifundo kinavyolazimika kukunjwa kila unapopiga kushoto, na kutoka mjini Lamu hadi kijiji cha Shela unapiga mara nyingi mno. Mimi sasa naweka nyuzi 30, kusi likikaza 45.

Kwa nini tuyapishanishe basi? Kwa sababu ya upepo wa mbele. Ukienda Shela wakati wa kusi, bapa lililo juu hupita hewani kwa ukingo wake badala ya kusukumwa kifuani kama tanga. Upepo wa ubavuni ni kinyume chake: hulikamata bapa hilohilo lililopishana. Hapo lishushe kafi, usilinyanyue juu ya bega. Likinyakuliwa, achia mkono wa upande wa upepo.

Sasa litazameni bapa lenyewe. Mengi hayalingani, ukingo mmoja mrefu, wa pili umekatwa mshazari. Hilo si pambo. Bapa huingia majini limelala kidogo, kwa hiyo bila mkato huo nusu ya chini ingezama na eneo kubwa kuliko ya juu, na maji yangelizungusha mkononi. Ukingo mrefu ukae juu, tumbo la bapa likuelekee wewe. Mengine, ukipitisha kidole katikati ya tumbo, unakuta kimgongo kinachoyagawa maji pande mbili sawasawa. Kafi likitetema unapovuta, angalia kwanza kama hujalishika kinyume. Nimewaona vijana wakilaumu mkondo saa nzima, kumbe kafi liko juu chini.

Bapa pana lina nguvu ya kuondokea, ila mkienda magofu ya Takwa, kisiwani Manda, na kurudi mabega ndiyo yanayolipa. Chukueni jembamba. Watu wa Greenland, waliorithi kayaki kwa wazee wao, hutumia mabapa membamba yasiyopishana, na bahari yao ni kali kuliko hii yetu.

Na maji yakipwa mkakwama topeni, msilifanye kafi upondo. Ncha ya bapa humeguka kwenye mizizi ya mikoko, na ikimeguka upande mmoja, halivuti tena sawa.